Mwalimu, kwani Tingatinga ni mtu?



Najua nimepotea hapa kijiweni. Kuna mmoja kanitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko, Mungu ni mwema. Nilikuwa fildi, mazoezi ya kufundisha, Mlangali, wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Kwa mlioitupa jiografia mapema: ukitoka Makambako unakwenda mpaka Njombe mjini, ukifika Itoni unaiacha barabara ya Songea unashika ya Ludewa, halafu milima inaanza kukuonyesha kazi. Baridi ya Julai kule haina adabu. Mimi niliyekulia joto la Morogoro nilifundisha na koti, nikala na koti, nikalala nalo.

Ya baridi siku nyingine. Leo nataka kuandika habari za mchoraji Edward Saidi Tingatinga, na kosa nililolifanya juu yake. Limenikaa rohoni, bora niliseme mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kidato cha pili, Historia, mada ya uchumi wa kikoloni. Si mnaikumbuka: mashamba makubwa, mkonge, kodi, vibarua wa kuhamahama. Mada ile ukiimwaga kama ilivyo kwenye desa, darasa zima linasinzia. Nikaona niwape mtu mmoja wa kumfuata, wamwone anatoka kwao, anakwenda shambani, anaishia mjini. Nikasema, "Mmoja wa vijana waliokwenda kwenye mkonge Tanga aliitwa Tingatinga."

Darasa likacheka mpaka nikadhani nimevaa shati kinyume. Kumbe kwa watoto wa Mlangali tingatinga ni lile dude la kusukuma udongo, na wamekua wakiliona likichimba mlima wakati ile barabara ya zege ya kwenda Ludewa inajengwa. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, sura kavu kabisa: "Mwalimu, kwani Tingatinga ni mtu?"

Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja alete mistari mitano kuhusu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji. Ulizeni wazazi, ulizeni kaka zenu wenye simu.

Kesho yake wengi wameleta tupu, wawili wameniandikia habari za greda (niliwapa maksi, walijitahidi). Ila kijana mmoja wa dawati la mbele alisimama akasoma vizuri, sauti ya mtangazaji: "Tingatinga alikuwa Mmakonde kutoka Mtwara..." Nikamkatisha. Umeitoa wapi hiyo? "Mtandaoni, mwalimu. Kwenye kamusi elezo. Nimetumia simu ya kaka."

Jioni nikanunua bando, nikapanda pale mtandao unaposhika vizuri, nikafungua ukurasa. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na kila makala yake ina sehemu ya historia, ambako kila badiliko linaonekana: nani kabadili, lini, saa ngapi, neno gani. Nikashuka taratibu nikitafuta huyo aliyemfanya Tingatinga Mmakonde.

Alikuwa mimi.

Jina langu lile lile la mtandaoni mnalolijua. Mwaka wa pili, usiku, wakati wa ule mchangamko wa "tuandike kwa lugha yetu" tuliokuwa nao pale hosteli. Makala ilikuwa na alama ya mbegu (ndivyo wanavyoita makala changa isiyokua), nikaona niimwagie maji. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtu wa kusini, msanii, basi Mmakonde, na Wamakonde kwao Mtwara. Vinyago, si unaona? Sikufungua kitabu hata kimoja. Kwenye kile kisanduku cha kueleza umebadili nini nimeandika "nimeongeza taarifa". Taarifa! Na sentensi ile ilikaa pale mwaka mzima na ushei bila mtu kuigusa, kwa sababu inafanana na kweli.

Sasa ngoja niwape ambayo ningepaswa kuyaandika usiku ule.

Tingatinga alizaliwa wilaya ya Tunduru, ambayo leo iko mkoa wa Ruvuma, kijiji cha Namochelia, siku hizi Nakapanya. Hata Mtwara sipo, wadau. Kwa upande wa mama ni Mmakua. Mwaka wa kuzaliwa unaoandikwa sana ni 1932, ingawa kuna machapisho yanayotoa 1937, kwa hiyo kwenye makala nimeweka wa kwanza na kuutaja wa pili. Alisoma shule kidogo, kisha miaka ya 1950 akaenda Tanga kufanya kazi kwenye mkonge, na baadaye akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi ya ndani kwa Wazungu na vibarua vya hapa na pale, na baadaye akawa mhudumu katika hospitali ya Muhimbili.

Kuchora alianza 1968. Alitumia hadibodi, zile mbao za kushindiliwa, zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Hakuwa na turubai wala brashi za chuo cha sanaa. Tembo, chui, ndege, mti mmoja, mara nyingine watu, na nyuma rangi moja tu imetandazwa. Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali Wazungu wa balozi na miradi walipokuja kununua mboga. Mkewe Agatha alisaidia kuuza. Baadaye shirika la umma lililoitwa National Arts of Tanzania likaanza kumnunulia. Ndugu na vijana wa nyumbani wakaja kujifunza kwake: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Simon Mpata, Omari Amonde. Hao ndio walioendeleza, na chama chao cha ushirika kikakita pale pale Morogoro Stores.

Kuhusu mtindo alikoutoa, watafiti wamegawanyika. Wapo wanaosema ni michoro ya kuta za nyumba za kwao kusini, na wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zikiuzwa Dar, akasema hata mimi naweza. Watu wa utalii wanapenda jibu la kwanza kwa sababu linanukia asili. Binafsi la pili halinipi shida yoyote. Mtu anayetafuta hela ya kula anaona bidhaa inayotoka, anatengeneza ya kwake kwa rangi ya baiskeli, na inakuwa nzuri kuliko ile aliyoiona. Kuna ubaya gani?

Mwaka 1972 akafa. Hapo ndipo nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, simu mkononi, vidole vimeganda.

Polisi walimpiga risasi Dar es Salaam, akiwa ndani ya gari, kwa kumdhania mhalifu. Ndivyo ilivyo. Sasa iandike kwa Kiswahili. "Alifariki 1972" ni kweli, lakini hivyo ndivyo unavyoandika aliyekufa kitandani. "Aliuawa" ni kweli pia, ila msomaji atauliza na nani, na sentensi inakaa kimya. "Aliuawa kwa bahati mbaya": hiyo bahati ni ya nani? "Alipigwa risasi": risasi haijipigi. Profesa mmoja wetu huwa anasema mwanahistoria akitaka kumficha mtu anamficha kwenye kitenzi, nami nilikuwa nacheka nyuma ya darasa. Safari hii sikucheka. Mwisho nikaandika: "Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi jijini Dar es Salaam wakimdhania mhalifu, akafa." Wapo mwanzo wa sentensi, mahali mtenda kazi anapokaa. Nikaweka chanzo mwishoni. Haijaondolewa hadi leo.

Miaka minne, 1968 hadi 1972. Sisi hapa chuo tunakaa mitatu na wengi wetu tutatoka tumeacha sapu tu.

Basi, baada ya kusahihisha hayo nikawa na moto. Na Mlangali nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja, babu wa miaka themanini na kitu, ambaye jioni hukaa jikoni na ulanzi wake kwenye kikombe cha bati. Siku moja nikamwambia nafundisha habari za mkonge. Akaweka kikombe chini. "Mjukuu, unafundisha manamba?"

Kumbe babu alikuwa manamba. Na si yeye peke yake. Nyanda hizi, Wabena, Wapangwa, Wakinga, pamoja na Wangoni wa Songea, zilitoa vijana wengi sana kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Mkonge wenyewe si wa kwetu: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta 1893, ikapona miche 62 tu, na kutoka hiyo 62 ikaja mashamba yaliyomeza watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikaitwa SILABU, iliyotuma mawakala na malori mpaka mikoa ya mbali. Jina manamba limetokana na namba. Ulipoandikishwa ulipewa namba, na namba ndiyo ikawa wewe.

Babu alinieleza kwa mikono. Kipande kilikuwa na siku thelathini, na siku isiyofanyiwa kazi haikuhesabiwa, uwe umeumwa au umelewa. Ulikata majani, ukayafunga mafungu, mafungu yakahesabiwa, na nyapara akiona fungu limepungua hesabu inaanza upya. Miiba ya ncha ya jani ilikuwa inachoma hapa (akanionyesha pembeni ya jicho, kovu liko). Jioni watu wa kila kabila wanakaa kambi moja, na hapo ndipo yeye alipojifunzia Kiswahili vizuri, kwani hapa nyumbani walikuwa wanazungumza Kipangwa. Nikamuuliza kama aliwahi kumsikia mtu anaitwa Tingatinga huko. Akafikiri kweli kweli. Akasema hapana, watu wa Tunduru walikuwepo, ila majina alijua ya watu wa kambi yake tu.

Usiku ule ule nikaandika aya nzima kwenye makala. Malori, namba, kipande, miiba, kambi. Nzuri, wadau, naapa. Nikabonyeza kuhifadhi nikalala nikiwa na amani.

Asubuhi haipo. Mkabidhi mmoja (hilo ndilo jina la wasimamizi wa kule) alikuwa ameirudisha makala kama ilivyokuwa, haikupita hata saa moja. Kwenye ukurasa wa majadiliano ameniachia maneno machache ya heshima: chanzo ni kipi, na je, msimulizi anamzungumzia Tingatinga au anajizungumzia mwenyewe?

Nilikasirika kama saa mbili hivi. Uongo wangu mlioukalia mwaka mzima, ukweli wa babu mnaufuta kabla jogoo hajawika! Nilianza hata kuandika jibu refu la kupigana. Halafu nikalisoma tena swali lake. Babu alikuwa anajizungumzia mwenyewe. Kila nilichoandika kilikuwa cha kweli juu ya babu, na nilikuwa nimekivalisha mtu mwingine, kama nilivyomvalisha Umakonde. Tofauti ni kwamba mara hii lilikuwa vazi zuri. Nikafuta lile jibu la kupigana.

Lakini bado kitu kinaniwasha. Mchukue Sam Ntiro, mchoraji mwingine wetu, wa rika jirani. Amezaliwa Machame 1923, amesoma Makerere, akaenda Slade kule London, mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York likanunua picha yake, na baada ya Uhuru akawa mwakilishi wetu Uingereza. Amekufa 1993. Maisha ya Ntiro yana karatasi kila kona: cheti, barua, kumbukumbu za ubalozi, orodha ya jumba la makumbusho. Ukitaka kuandika makala yake chanzo kinakusubiri mlangoni. Tingatinga ana kipande kilichopotea na watu waliomkumbuka. Yaliyoandikwa juu yake yameandikwa zaidi baada ya kufa kwake, mengi na wageni, kwa lugha ambazo yeye hakuzisoma, na mimi Mswahili natafsiri kutoka huko kuja kumweleza mtoto wa Ludewa habari za mtu wa Tunduru. Kutoka Ludewa hadi Tunduru unavuka mpaka wa mkoa mmoja tu.

Niliporudi chuo nilienda maktaba, nikachukua kile kitabu kinene cha John Iliffe cha 1979 cha historia ya Tanganyika ya kisasa, kile tunachokiogopaga. Vibarua wa mkonge wamo, na watu wa nyanda za juu kusini wamo. Kwa hiyo ile aya ya manamba nimeiandika upya bila maneno ya babu, nikaiweka kwenye makala ya mkonge ambako ndiko inakohusika, na kwenye ya Tingatinga nikaacha sentensi moja inayounganisha. Maneno ya babu nimeyaandika kwenye daftari, na tarehe, na yeye kaweka dole gumba kwenye ukurasa wa mwisho. Alisema manamba walikuwa wanasaini hivyo.

Kitu kingine nilichokutana nacho ni picha. Makala ya mchoraji bila picha ni kama harusi bila ngoma, nikasema niweke hata chui mmoja. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Hesabu: 1972 ongeza 50, mwisho wa 2022 muda umekwisha. Nikafurahi. Kumbe kompyuta zinazohifadhi kamusi elezo ziko Marekani, na hesabu ya kule ni nyingine, ndefu zaidi. Na hata ungepata ruhusa, uhakikishe kwanza ni mkono wake, maana picha zenye saini ya E. S. Tingatinga ambazo hakuzichora zipo. Ila katuni za Tinga Tinga Tales zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC 2010, hizo dunia nzima imeziona. Kuna mtu pale hosteli alibishana nami mpaka saa sita usiku kwamba Tingatinga ni Mkenya. Sitamtaja, anajijua.

Sasa lile darasa. Wiki ya mwisho ya fildi niliingia nikaandika ubaoni sentensi ya yule kijana, neno kwa neno. Nikawaambia ni uongo, na aliyeiandika ni mimi. Wadau, kusema hivyo mbele ya watoto 50 na kitu si mchezo, mwalimu mkuu wa somo amekaa nyuma na daftari la kunipima. Kimya. Yule binti wa "kwani ni mtu" alinitazama kama vile sasa ndiyo anaamini Tingatinga alikuwa mtu na mimi ndiye greda.

Kijana wa dawati la mbele akachukua rula, akapiga mstari kwenye "Mmakonde kutoka Mtwara", akaandika juu yake Tunduru, vizuri, bila haraka. Kisha akauliza: "Na hii ya leo, mwalimu, nani kaiandika?"

Nikampa simu. Nikamwonyesha pa kubonyeza paone historia ya ukurasa. Walikuja wote kuzunguka meza, tukashuka nayo mstari kwa mstari mpaka bando likaisha, na wakacheka kila walipofika kwenye jina langu.

Haya. Mwenye kitabu chochote cha maisha ya Tingatinga, hata cha Kidenmaki, naomba niazime, bumu likitoka nitatoa fotokopi kwa hela yangu. Na kama kuna mtu wa Nakapanya anapita hapa kijiweni, tafadhali nitafute. Nina maswali, na safari hii nakuja na daftari kwanza.